Tangi la Samaki Linavuja: Tuzibe au Tujenge Jipya?

Leo tutazungumza juu ya tangi la saruji la kufugia samaki. Fungueni madaftari yenu, maana yako mahesabu.

Kiangazi kimoja nilimtembelea mama mmoja mfugaji wa perege, si mbali na mji wa Bariadi. Tangi lake lilikuwa na urefu wa meta 4, upana wa meta 2 na kina cha meta 1. Maji yalipungua kila siku. Fundi mmoja alimwambia, "Ziba ufa." Wa pili akasema, "Vunja, tujenge jipya." Mama akaniuliza, "Mwalimu, nimsadiki nani?" Fedha ya saruji alikuwa nayo ya mara moja tu.

Tulianza na ndoo. Tuliijaza maji, tukaiweka kando ya tangi, tukatia alama ndani ya ndoo na ukutani mwa tangi. Kwa nini ndoo? Kwa sababu jua nalo hunywa maji, na ndoo nzima haivuji. Baada ya siku 2 maji ya ndoo yalishuka sentimita 1, na ya tangi sentimita 5. Basi sentimita 4 zilipotea kwa kuvuja. Katika tangi lile kila sentimita 1 ni lita 80. Mara 4 ni lita 320, yaani madumu 8 ya lita 20 kila siku. Mama yule aliyateka kisimani na kuyabeba kichwani.

Nikauliza, "Ufa huu umewahi kuzibwa?" Akajibu kuwa ulizibwa mwaka uliotangulia, ukafunguka mahali pale pale mvua zilipoanza. Hapo nikatazama chini. Tangi lilisimama juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na ukuta hufuata. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa namna hii ukiuziba, ukuta utaujenga vilevile.

Nilimshauri ajenge jipya, juu kidogo, penye kichanga ambacho Wasukuma hukiita luseni. Haikuwa habari njema kwake. Ilimpasa auze samaki wakubwa kabla ya wakati.

Wewe je? Paka lipu kidogo juu ya ufa, upande wa nje, uandike tarehe. Ngoja mpaka mvua zinyeshe. Lipu ikibaki nzima, ufa umetulia. Uchimbe upanuke, uloweshe, ujaze lipu nzito, uiweke na unyevu siku 7. Ikipasuka, usinunue saruji ya kuziba.

Tena, saruji mpya huua samaki. Jaza maji, yaache siku kadhaa, uyamwage mbali na msingi. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kurudisha samaki.

Kwa kipindi kijacho, kila mwenye tangi au pipa alipime kwa ndoo, aje na hesabu yake imeandikwa. Kwa herini.