Pogoa Mti, Usiuue

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano wa chama cha wakazi. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeitwa hapa kwa sababu ya barua. Baadhi yenu mmepokea ilani ya kamati ikiwataka mpunguze matawi ya miti iliyo mbele ya nyumba zenu, na wapo waliokasirika. Mimi pia niliwahi kupokea barua kama hiyo katika mtaa ninaoishi, na nikakosea karibu kila kitu. Acheni niwasimulie, ili ninyi msirudie makosa yangu.

Mbele ya nyumba yangu pana mwembe. Niliukuta nilipohamia. Matawi yake yalikuwa yamevuka ukuta na kuifunika taa ya njia. Kamati ikanipa siku 14. Niliona ni usumbufu wa watu wasio na kazi, nikaiweka barua kando. Siku ya 13 nikamwita kijana aliyekuwa akipita na panga, nikamwambia, "Kata." Akakata kilele chote. Kufikia jioni mti ulikuwa umebaki kama nguzo.

Kamati iliridhika, lakini sebule yangu ikawa tanuri. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyezoea kuchambua mboga chini ya kivuli kile, alinitazama akasema tu, "Mwanangu, ungeniuliza." Mvua ziliponyesha, mti ukachipua vijiti vingi pale juu, virefu na dhaifu. Mwaka uliofuata kimoja kilichokwisha kuwa tawi kikavunjwa na upepo, kikaangukia kamba ya nguo ya mama huyo huyo. Dakika chache kabla, alikuwa pale akianika. Na taa ilikuwa imefunikwa tena. Nikaletewa barua ya pili.

Safari hii nilikwenda kumwona mwenyekiti. Kumbe aliyelalamika ni binti anayefanya kazi ya zamu, anayeshuka stejini saa nne usiku na kupita pale gizani peke yake. Barua haikusema hivyo. Ilisema "matawi yaliyozidi." Hakuna aliyetaka mti ufe. Walichotaka ni taa ionekane na mtu apite bila kuinama.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni kwa kamati: andikeni sababu, na mwonyeshe tawi lenyewe. Ombi la pili ni kwa mwenye mti: kabla ya kushika panga, uliza ni tawi lipi, likatwe hadi wapi, na lini.

Sasa kazi yenyewe. Mwembe hupogolewa baada ya mavuno, si wakati una maua au matunda machanga. Epukeni pia siku za mvua nyingi, maana kidonda kibichi huingiwa na ukungu kwa urahisi. Anzeni na matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Kisha yale yanayoning'inia juu ya njia au kuziba taa. Msiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Wala msikate kilele, kwa maana mmesikia yaliyonipata.

Tawi nene hukatwa kwa msumeno, mara tatu. Kwanza, umbali wa kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, kata kwa chini, theluthi moja tu ya unene. Pili, sogea nje kidogo, kata kutoka juu hadi tawi lianguke. Ule mkato wa chini huzuia tawi kuchuna gome la shina linapoanguka. Tatu, ondoa kisiki kilichobaki. Mahali tawi linapokutana na shina pana kivimbe. Kata nje kidogo ya hicho kivimbe, usikiguse. Hapo ndipo mti hujifunga kidonda. Hakuna haja ya kupaka rangi wala lami.

Utomvu wa mwembe huwasha na kuchoma ngozi. Vaeni nguo za mikono mirefu na mkinge macho. Watoto wakae mbali. Angalieni kama kuna kiota chenye makinda. Kama kipo, ombeni kamati iongeze siku.

Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, usipande, usipeleke ngazi, usijaribu hata kwa mti mrefu. Ripoti kwa Kenya Power, kisha ungoje. Hakuna ilani yenye thamani ya maisha ya mtu.

Na kuung'oa mti mzima ni jambo jingine kabisa. Kabla ya hapo, pitia kwa msimamizi wa wadi uelekezwe kwenye ofisi ya mazingira. Katiba yetu, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya iwe na miti. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Itakuwa ajabu tupande miche Novemba, kisha tuangushe miti iliyokomaa kwa sababu majirani wawili hawakuzungumza.

Mwembe wangu ulichukua miaka mitatu kurudi katika umbo lake, kwa kupunguza vile vijiti kidogo kidogo na kuacha vichache vyenye nguvu. Leo taa inaonekana, na mama amerudisha kigoda chake kivulini. Kila baada ya mavuno namwuliza kwanza, "Mama, nikate wapi?" Naye huniambia.