Mstari Ukipita Keroka: Wananchi wa Kisii na Nyamira mbele ya hoja ya kujitenga

Naomba tuanzie sokoni Keroka. Mpaka wa kaunti mbili umeupitia mji ule katikati: huku Kisii, kule Nyamira. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali hizi mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko na ada za stendi. Mama aliyeteremsha mikungu yake ya ndizi hajali sana bango la kaunti limesimama wapi. Anachojali ni risiti. Akishalipa upande huu, je, askari wa upande wa pili ataiheshimu, au atamdai upya kabla hajauza hata kichane kimoja? Na hawa wanaovutana ni ndugu. Wanasema Ekegusii, wanaoana, wanazikana, na hadi mwaka 1989 walikuwa wilaya moja. Kama mstari uliochorwa kati ya ndugu, ndani ya nchi moja, chini ya katiba moja, unamtoza muuza ndizi mara mbili, ni haki kuuliza mstari wa kimataifa utamtoza nini. Hoja yangu jioni hii ni kwamba gharama ya kujitenga huanza kulipwa na watu wa mpakani, na kwa hiyo watu wa mpakani wana haki ya kuwa wa kwanza kuulizwa. Kisii na Nyamira ni watu wa mpakani.

Suala hili si la kubuni. Machi 2016 mwanauchumi David Ndii aliandika gazetini kwamba Kenya imekuwa kama ndoa ya mateso, na kwamba wakati umefika wa kuzungumzia talaka. Mwaka uliofuata ulimpa wasikilizaji wengi. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, ule wa marudio wa tarehe 26 Oktoba ukasusiwa na upinzani, na katika sehemu kubwa ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori haukufanyika kabisa. Novemba, mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, akaja na mswada wa kuigawa nchi, na magavana wa Mombasa na Kilifi, Hassan Joho na Amason Kingi, wakaanza kuzungumzia Pwani kuondoka. Machungu yaliyozaa maneno hayo yalikuwa ya kweli. Watu walikuwa wamepigwa risasi. Lakini tazameni ramani zilizokuwa zikisambazwa wakati ule. Ziligawa nchi kwa rangi ya kura, na kila kaunti ilipewa rangi moja. Kisii na Nyamira hazikuwa na rangi moja. Agosti ile kura za urais ziligawanyika katika kaunti hizi mbili, boma kwa boma, pengine chumba kwa chumba. Mchoraji wa ramani hana kalamu nyembamba kiasi hicho.

Sensa ya mwaka 2019 inatupa ushahidi ambao sijasikia ukijibiwa. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Jumla yake ni 1,872,436. Sensa hiyohiyo iliwahesabu Abagusii 2,703,235 nchini kote. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila mkaaji wa kaunti hizi mbili ni Mgusii, hata mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kitui na mfanyabiashara aliyetoka Murang'a. Bado wanabaki zaidi ya 830,000 nje ya nyumbani. Katika kila Abagusii kumi, watatu hivi wanaishi kwa majirani: Nairobi, Nakuru, Trans Mara, Mombasa. Hawakutoka kwa kupenda safari. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na shamba la babu likishagawanywa mara tatu hubaki ukanda ambao ng'ombe akigeuka amekanyaga mahindi ya jirani. Kilichowapa watoto hawa pa kwenda ni uraia. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Chora mstari leo, na kesho karibu thuluthi ya jamii hii itahitaji kibali kurudi nyumbani kumzika mzazi. Majani chai yaliyochumwa Kebirigo yatavuka forodha kabla ya kufika mnadani Mombasa.

Tena sisi hatuhitaji kukisia mstari ukipata moto huwaje. Twendeni Chebilat, soko lililokaa pale Borabu ya Nyamira inapokutana na Sotik ya Bomet. Borabu ilikuwa nchi ya walowezi. Mashamba yale yalinunuliwa na kugawiwa Abagusii kupitia miradi ya makazi ya wakati wa uhuru. Mwaka 1992, siasa ya majimbo ilipogeuzwa kuwa siasa ya kumtimua mgeni, damu ilimwagika kwenye mpaka ule. Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, ilimwagika tena, na maduka ya Chebilat yakateketezwa. Wagusii na Wakipsigis waliochomeana nyumba walikuwa wamenunuliana maziwa na kukodishiana malisho kwa miaka mingi. Huo ulikuwa mpaka wa ndani ya nchi tu. Haukuwa na jeshi, haukuwa na bendera, haukuwa na balozi wa kuutetea. Tazameni sasa mpaka wenye vyote hivyo: Eritrea ilijitenga na Ethiopia kwa kura halali mwaka 1993, na dunia ikashangilia. Miaka mitano baadaye nchi hizo mbili zilipigania kijiji cha Badme, na makumi ya maelfu ya vijana wakafa. Katika Sudan, mkataba wa amani ulitiwa saini hapa kwetu Nairobi mwezi Januari 2005, na Sudan Kusini ikawa nchi tarehe 9 Julai 2011. Lakini Abyei, wanakoishi Wadinka Ngok na wanakopita Wamisseriya na mifugo yao, iliahidiwa kura yake yenyewe. Kura hiyo rasmi haikupigwa. Wakubwa walipata nchi, na watu wa mpakani wakabaki wakingoja.

Natarajia kuulizwa: mipaka hii tunayoitetea si ilichorwa na mkoloni? Ndiyo, na ilichorwa vibaya. Hata eneo la Kisumu lilihesabiwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902, likahamishwa kwa kalamu bila mwenyeji yeyote kuulizwa. Majirani zetu Wakuria, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Ekegusii, walikatwa vipande viwili na mstari wa Waingereza na Wajerumani. Hadi leo wengine wako Kenya na wengine Tanzania. Yupo anayeona katika habari hiyo sababu ya kuchora upya. Mimi naona kinyume chake. Wakuria wanatufundisha kwamba kosa la mkoloni lilikuwa kuchora mstari katikati ya watu bila kuwauliza, na anayechora mwingine leo katikati ya Abagusii bila kuwauliza analirudia kosa lilelile, ingawa safari hii mkono ni mweusi. Nchi za Afrika zilipokubaliana mjini Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, hazikuitukuza. Zilihofia kwamba kila mstari mpya ungezaa Wakuria wapya.

Kuna pingamizi lililo zito zaidi, na halifai kupitwa mbio. Linasema: wanaopinga kujitenga huwa, wakijua au wasijue, walinzi wa serikali iliyopo. Wimbo wa umoja umetumika kuwaziba watu midomo. Hili ni kweli, na anayelikana haijui historia ya Kenya. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba wengi katika wilaya ya mpaka wa kaskazini, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa yao yaliwekwa kando. Vita vilivyofuata viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, na hata baada ya hapo eneo lile lilitawaliwa kwa sheria za dharura hadi mwaka 1991. Februari 1984, kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume walikusanywa na askari wa serikali, wakaanikwa juani bila maji, na mamia wakauawa. Yote hayo yalifanywa kwa jina la nchi moja isiyogawanyika. Mgusii anayesema hataki Kenya igawanywe lazima aliseme na jambo hili kwa sauti ileile, la sivyo anatetea ramani na kuwasahau watu. Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Mombasa ilifanya vyema mwaka 2012 ilipoondoa marufuku dhidi ya Baraza la Republican la Mombasa, kundi lililodai kwamba Pwani si sehemu ya Kenya. Anayesema Pwani si Kenya anakosea, kwa maoni yangu, lakini anasema jambo kuhusu ardhi yake, na ajibiwe kuhusu ardhi. Wahenga walisema mvunja nchi ni mwananchi. Methali hiyo hurushiwa wanaotaka kujitenga. Mimi nadhani inamshika kwanza aliyenyakua shamba la kijiji na aliyechezea kura.

Na shinikizo la kigeni? Hapa pia tutenganishe mchele na chuya. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha katiba ya wakati huo kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa. Wapo wanaosema kwamba bila wageni tusingepata vyama vingi. Lakini George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alikuwa ameshawekwa kizuizini mwaka 1977, akakamatwa tena mwaka 1982 alipotaka kuanzisha chama pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, na akafungwa mara nyingine mwaka 1991 kwa madai ya uchochezi. Deni la uhuru ule lililipwa kwanza na watu wa hapa. Wafadhili walifika njia ikiwa imeshafyekwa. Mwaka 2008 Kofi Annan alisaidia kuwakalisha wakubwa mezani, na maafikiano ya tarehe 28 Februari yaliokoa maisha, pamoja na ya watu wa Borabu. Mpatanishi anayesema acheni kuuana anakaribishwa. Februari 2013, Johnnie Carson wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alipowaonya Wakenya kwamba chaguo lina matokeo, wengi walilisikia kama agizo la nani wampigie kura, na maneno yale yakawapa nguvu wagombea haohao yaliyowalenga. Kuhusu mipaka, mgeni ana kasoro moja isiyotibika: hatalala kwenye mstari anaousaidia kuuchora. Itifaki ya Abyei ya mwaka 2004 ilitokana na rasimu iliyoletwa na Marekani. Aliyeileta alipanda ndege akarudi kwao.

Katiba yetu haisemi kwamba eneo la nchi haliwezi kuguswa milele. Kifungu cha 255 kinataka badiliko lolote linalohusu eneo la Kenya lipelekwe kwenye kura ya maoni, ambapo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wakubali. Mlango upo, na umewekwa mahali ambapo muuza ndizi wa Keroka anaweza kusimama mbele yake na kusema hapana. Hapana yake itakuwa na uzito kama nasi tutaonyesha kwamba malalamiko yanaweza kutatuliwa bila kuhama nchi. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hakuna kinachozizuia Kisii na Nyamira kukaa chini, zikaunda mamlaka moja ya mji wa Keroka, zikagawana mapato kwa kanuni wanayoijua wafanyabiashara wenyewe, na kuchapisha risiti moja inayotambuliwa pande zote mbili za soko, kuanzia mwaka ujao wa fedha.