Utiifu kwa Chama Una Mpaka

(Hotuba kwa wanachama na waumini wa Kitale na Bungoma)



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya neno moja: utiifu. Chama kisicho na nidhamu hakifiki popote, hilo hatulikatai. Swali letu ni hili: mwanachama akitakiwa na chama aufiche ukweli, afanyeje?

Jibu tulipewa na mwana wa nchi hii. Machi 1975, mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Mwezi Juni, taarifa ya kamati ilipoletwa, Serikali ya KANU haikutaka Bunge liikubali. Masinde Muliro, mzaliwa wa Bungoma aliyejulikana na kila mtu Kitale, alikuwa Waziri. Akaipigia kura taarifa ile, nayo ikapita kwa kura 62 dhidi ya 59. Muliro akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Hakukivunja chama, alikataa tu kukikabidhi dhamiri yake.

Septemba 1984, Rais Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku wimbo wake yeye. Kamati ya nidhamu ya KANU ikawa tishio kwa kila aliyethubutu kunong'ona. Mwaka 1988 wapiga kura wakapangwa mlolongo, ili kila jicho lione nani anamfuata nani. Hivyo woga ukapewa jina la utiifu.

Wako watakaotuuliza: na FORD je? Ilianzishwa 1991, Muliro akiwa mmoja wa waasisi. Mwaka 1992 ikapasuka, na KANU ikashinda. Ni kweli. Lakini FORD haikupasuliwa na wanachama waliosema ukweli. Ilipasuliwa na viongozi waliogombea kiti kimoja. Dawa ya ugonjwa huo si kuwafunga wanachama midomo.

Basi sisi wa mageuzi tujihukumu kwanza. Katiba ya 2010 humwondolea kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka Bungeni. Ni haki, kwa maana kura ni amana. Lakini amana hiyo ni ya mpiga kura, si ya mwenyekiti wa chama.

Kwa hiyo tunaliomba kila tawi mambo matatu. Kabla ya uamuzi, kila mwanachama asikilizwe. Baada ya uamuzi, tuutekeleze pamoja. Lakini panapohusika damu ya mtu, mali ya umma iliyoibwa au uongo, mwanachama afuate dhamiri yake wala asiadhibiwe. Ninyi waumini mnajua mitume walivyojibu walipoamriwa wanyamaze.

Chama ni jembe, shamba ni Kenya. Jembe hutunzwa, lakini haliabudiwi.