Violini Usharikani: Kwanza Mwalimu, Kisha Vyombo

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili, Liparamba



Katika ajenda ya leo lipo ombi la vijana wa kwaya la kujifunza violini na muziki wa klasiki. Baadhi ya wajumbe wameuliza, na wana haki kuuliza: je, huu ni mradi wa maendeleo au ni anasa ya mjini, wakati bado tunahangaikia maji, ada za watoto na mbolea? Swali hilo linastahili jibu.

Kwanza, muziki huu si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu, aliongoza muziki wa kanisa mjini Leipzig, Ujerumani, kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Katika miaka ya mwanzo pale aliandaa kantata mpya karibu kila Jumapili. Alizichukua tuni zilizoimbwa na washarika, akazitengenezea sauti na vyombo. Wimbo wa Luther unaotokana na Zaburi ya 46 ulimpa kantata nzima. Tuni ya Ijumaa Kuu, ile ya kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba, aliitumia mara 5 katika utenzi wake mkubwa wa Mateso kwa Injili ya Mathayo, na karibu kila mara kwa namna nyingine. Kijana anayesikiliza kazi hiyo kwa mara ya kwanza huona mengi asiyoyafahamu, kisha anakutana na tuni anayoijua tangu Shule ya Jumapili. Mlango umekwisha kufunguka.

Pili, violini ina tabia inayowafaa wanakwaya. Gitaa lina vyuma vinavyoonyesha mahali pa kuweka kidole. Violini ina nyuzi 4 tu na haina alama yoyote. Sikio ndilo linaloongoza kidole. Aliyezoea kuimba solfa kwa sauti 4 ana akiba kubwa. Hata hivyo, miezi ya mwanzo mlio wake hukwaruza, na majirani hulalamika. Upendo wa muziki huu hukua polepole. Mwanafunzi huanza kwa kupenda tuni. Akipewa kupiga sauti ya pili, hulazimika kuwasikiliza wenzake. Baadaye husikia besi inavyobeba wote, na wimbo aliouona mrefu na wa kuchosha huwa mfupi kwake. Redio peke yake hufika huko kwa shida. Mikono ndiyo inayofundisha masikio.

Tatu, jambo hili limekwisha kufanyika kwa ndugu zetu. Mjini Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ndani ya Kanisa la Kimbangu. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Violini zilikuwa chache kuliko wanafunzi, wakapokezana. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Wengi walikuwa watu wa kazi za kawaida waliofanya mazoezi baada ya kazi. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha wakijiandaa kupiga Simfonia ya 9 ya Beethoven huku umeme ukikatika. Tunaloomba kamati zilitazame ni hili: hawakusubiri vyombo vitoshe. Walikuwa na kiongozi, mahali na ratiba.

Lipo pia funzo la tahadhari. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002 kimefundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla, ambayo ndiyo violini yenyewe ndani ya taarab. Pamoja na sifa zake zote, mwaka 2019 kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Kazi njema inayotegemea mfuko wa mbali peke yake hutikisika mfuko huo unapopungua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Mosi, tuanze na mwalimu: mwalimu mmoja wa kwaya apelekwe kusoma, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki. Pili, violini ziwe chache na za vipimo vya watoto, yaani robo, nusu na robo tatu, kwa kuwa ya mtu mzima humshinda mtoto wa miaka 8. Tatu, kila usharika utenge fungu dogo la sadaka ya mavuno kwa ajili ya nyuzi na ulimbo wa upinde. Nne, pawepo kabati kavu na mtu wa kulitunza, maana gundi ya violini huachia kwenye joto na unyevu, na masika yetu tunayafahamu.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: msitutumie kontena la violini kabla mwalimu hajarudi. Chombo kisicho na mwalimu huishia juu ya kabati la ofisi. Tusaidieni ada ya mwalimu huyo, na sisi tubebe nyuzi.

Maji yabaki ya kwanza katika bajeti, hilo hatulipingi. Lakini Zaburi ya 150 inataja zeze miongoni mwa vyombo vya kumsifu Mungu, na violini ni ndugu yake zeze. Vijana wetu wameomba kufanya kazi ngumu ya miaka mingi, kwa subira na kwa pamoja. Ombi la namna hiyo haliji kila mwaka. Tunaomba kamati zilijadili na kutuletea majibu katika kikao kijacho.