Dripu Zilipokwisha



Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, kipindupindu kiliivamia kambi ya Bangaon. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni katika matapishi na kinyesi chao. Dripu zilikuwa zinakwisha, na wa kuzitundika hawatoshi. Akaamuru vichanganywe chumvi, glukosi na magadi ya kuokea katika maji, yakamiminwa kwenye mapipa yenye bomba, ndugu wa wagonjwa wakapewa vikombe wawanyweshe watu wao. Dripu zilizobaki wakawekewa waliozidiwa.

Mchanganyiko huo haukuwa wake. Watafiti wa Dhaka na Kolkata walikwisha kuujaribu hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Yeye alithubutu kumkabidhi kikombe shangazi wa mgonjwa. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30, vikashuka chini ya asilimia 4 kwa waliotibiwa hivyo.

Wakubwa wa fani walitia shaka. Lakini katikati ya rabsha ile kuna watu walikuwa wanahesabu: nani kaingia, nani kanywa, nani kafa. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 1973, na leo pakiti ya ORS, mchanganyiko wa aina hiyo, hupatikana kwenye rafu za zahanati.

Nawajua, wahitimu. Mtapangiwa vituo, na mwezi wa kwanza tu mtaanza kuvinung'unikia vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo: mistari mingi, wino hakuna, foleni imefika nje. Mtajaza jioni, kwa kukumbukakumbuka. Hapo ndipo ubunifu wetu unapofia. Muuguzi anabuni namna ya kuwatunzia watoto njiti joto usiku umeme ukikatika, watoto wanapona, yeye anahamishwa, na ujuzi unaondoka naye kwenye basi kwa sababu hakuna aliyeandika walikuwa wangapi.

Msinielewe vibaya, upungufu siusifu hata kidogo. Dripu zilipaswa kuwepo Bangaon, nanyi mkipelekwa kituo kisicho na glavu, pigeni kelele wilayani.

Ila nunueni daftari. Kila mnapojaribu jambo, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi na ya mgonjwa, andikeni tarehe, idadi, na hasa waliofariki, maana hao tunapenda kuwasahau.

Haya, simameni mchukue vyeti. Mama zenu wana vigelegele vimewakaa kooni tangu saa mbili.