Wasilisho la Kikundi Darasani: Kila Mtoto Aseme

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi na kamati za sharika, walimu na wafadhili, Bunju



Tumezoea kukutana kuzungumzia madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Leo tunaomba tuzungumzie kinachotendeka ndani ya madarasa hayo, hasa pale wanafunzi wanapopewa mada, wakaijadili kwa vikundi na kuiwasilisha mbele ya wenzao.

Kwa nini jambo hili? Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali hapa Bunju, Boko au Mabwepande amefundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza. Asiyeulizwa wala kuuliza kwa miaka minne, hata akiwa na sare, daftari na nauli tulizomchangia, hatajulikana amekwama wapi mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Kikundi cha wenzake watano ndicho mahali pa kwanza anapoweza kujaribu kusema bila kuogopa kuchekwa.

Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 uliweka mkazo kwenye ujuzi badala ya kukariri, na kazi za vikundi zikawa za kawaida. Hata hivyo, tunachokiona mara nyingi ni hiki: wanafunzi kumi wanasimama mbele, mmoja anasoma karatasi ya manila kwa kasi, tisa wanatazama sakafu, darasa linapiga makofi, na kikundi kingine kinaitwa. Hapo aliyejua amezidi kujua, na aliyenyamaza ameendelea kunyamaza. Tuangalie mambo manne yanayoweza kubadili hali hiyo.

Kwanza, ukubwa wa kikundi. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo zaidi. Watu wanane kwa pamoja walitoa kama nusu tu ya jumla ya nguvu ambazo wangetoa kila mmoja peke yake. Walipoteza nguvu kwa kutovuta kwa pamoja sawasawa, na pia kwa kutegeana. Sisi tunaofanya kazi za kujitolea tunaifahamu hali hii vizuri. Kwa hiyo kikundi kiwe cha watu watano au sita, na kila mmoja awe na kazi inayojulikana.

Pili, mgawanyo wa mada. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walikuwa na shule ambazo watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wameanza kusoma pamoja kwa uhasama. Walimpa kila mtoto wa kikundi sehemu moja ya somo, ambayo wenzake hawakuwa nayo. Wenye sehemu inayofanana kutoka vikundi mbalimbali walikutana kwanza wakaielewa, kisha kila mmoja akarudi kuwafundisha wenzake. Wasipomsikiliza yule mnyonge, wote wanakosa sehemu yake.

Tuchukue mfano wa jirani. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na watoto wetu wanaliona vumbi lake. Mwanafunzi mmoja aeleze mawe ya chokaa yalivyotokana na matumbawe ya bahari ya kale. Wa pili aeleze tanuri linalofika nyuzi joto 1,450 hivi. Wa tatu aeleze jasi na kazi yake ya kuchelewesha saruji kuganda. Wa nne aeleze vumbi na afya, na wa tano ajira na biashara. Waje na kipande cha jiwe, wakisage, wakidondoshee siki. Povu likitoka, darasa zima litauliza kwa nini. Swali hilo limegharimu siki ya kijiko kimoja. Halihitaji projekta wala umeme.

Tatu, muda. Tupige hesabu pamoja. Darasa la wanafunzi 60 lina vikundi 10 vya watu sita. Kila kimoja kikipewa dakika 10, ni dakika 100, wakati vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Ndiyo maana vikundi vya mwisho huharakishwa au huachwa. Kila kikundi kipewe dakika tano, na zinabaki 30 za maswali na masahihisho ya mwalimu. Au mabango yabandikwe ukutani, wanafunzi wazunguke kwa zamu, na kila bango liwe na mtu wa kulieleza.

Nne, wasikilizaji wawe na kazi. Hapa tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza. Viongozi wa vikundi walifundishwa kuongoza mjadala, si kuhutubia. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho na kuhara damu, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi. Darasani pia, kila kikundi kinachosikiliza kiandike swali moja na jambo moja kilichojifunza. Na mwalimu amteue yeyote wa kulijibu, asiwe kinara siku zote.

Kuhusu lugha, tunashauri vikundi viruhusiwe kujadili kwa Kiswahili mpaka wazo lieleweke, kisha wajiandae kuliwasilisha kwa Kiingereza kwa sentensi fupi walizotunga wenyewe. Sentensi tatu alizotunga mtoto zina faida kuliko ukurasa alionakili asiouelewa.

Ndugu wajumbe, tunaomba mambo mawili. Mnapopanga bajeti ya kambi za masomo, wekeni karatasi za manila, kalamu rashasha na siku moja ya walimu kujiandaa. Ni gharama ndogo. Na mnapotembelea shule, msihesabu madawati pekee. Kaeni nyuma ya darasa kipindi kimoja, mhesabu ni watoto wangapi wamesema. Wafadhili wetu nao tunawaomba wapokee hesabu hiyo katika taarifa zetu za robo mwaka, hata pale itakapokuwa ndogo, ili tujue pa kuongeza nguvu.

Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa tuanze na wale waliokaa viti vya nyuma.