Shujaa wa Sinema Hakosei Mtu. Sisi Je?



Wazazi wetu, vijana wenzangu, leo nataka tuongee juu ya sinema. Msicheke. Usiku baada ya tarawehe, hapa Nyeri, Karatina mpaka Nanyuki, wengi wetu tunaketi mbele ya runinga, na tunayempenda sana ni yule anayewamaliza wabaya peke yake.

Chukueni The Equalizer. Ilianza kwenye runinga Marekani mwaka 1985. Robert McCall, jasusi mstaafu aliyeigizwa na Edward Woodward, alitoa tangazo gazetini: mwenye shida na hana wa kumsaidia, apige simu. Ikaisha 1989. Mwaka 2014 Denzel Washington akaingia nayo sinema, na damu ikazidi; zikafuata filamu za 2018 na 2023. Michael Sloan, mmoja wa waliomtunga McCall, akamwandikia na riwaya. Kuanzia 2021 hadi 2025 akarudi kwenye runinga, safari hii ni mwanamke, Queen Latifah.

Hebu angalieni. Sura zimebadilika, lakini jambo moja limebaki: shujaa hakosei mtu. Kwa nini? Kwa sababu mtunzi ameshatuonyesha mwenye hatia. Sasa sisi mtaani, nani anatuonyesha?

Aprili 2009, watu wa Kirinyaga na Mathira walikuwa wamechoka kutozwa pesa na Mungiki. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Wakaunda vikundi vya ulinzi, wakawaua waliowashuku. Filamu ingeishia hapo, watu wapige makofi. Mathira haikuishia hapo. Kisasi kilikuja usiku, na kule Gathaithi, karibu na Karatina, watu 29 wakauawa.

Dini yetu haikumpa mtu ruhusa ya kuhukumu barabarani. Kuna mashahidi, kuna kadhi, na mshtakiwa husikizwa kwanza.

Kijana, sikwambii uzime runinga. Nakwambia hivi: siku utakaposikia "Mwizi!" sokoni, na watu wameshashika mawe, wewe usiokote. Uliza kwa sauti: nani amemwona? Ameiba nini? Waite wazee, waite polisi. Yule aliyelala chini pale huenda ni mdogo wako, alitumwa tende za futari.

Wabillahi tawfiq.